Sheria Mlizoziazima, Zirudisheni

Sheria ya hakimiliki haikutungwa ili wakubwa wapate usingizi. Ilitungwa kwa ajili ya mtunzi: yule aliyekesha na wimbo wake, aliyeandika kitabu chake ukurasa baada ya ukurasa, aliyepiga picha juani, ili mwenye mtaji asije akala jasho lake bure. Hospitali ya magonjwa ya akili nayo haikujengwa ili serikali ipate jina la kumpachika anayeisema. Ilijengwa kwa ajili ya mgonjwa. Sheria za uhalifu wa mtandaoni zilipopigiwa debe, tuliambiwa ni za kumkinga bibi wa kijijini asitapeliwe akiba yake kwenye simu. Vyote hivi ni vitu vyema, na vyote, katika nchi zetu za Afrika Mashariki, vimeazimwa na wenye nguvu kwa kazi ambayo havikutungiwa: kumfunga raia mdomo. Naandika haya nikiwa Ndera, pembezoni mwa Kigali, na nasema imetosha.

Nianze na hakimiliki, kwa sababu ndiyo silaha ambayo wengi wetu hatuioni inapochomolewa.

Mwaka 2020 Tanzania ilikuwa inaelekea uchaguzi mkuu wa tarehe 28 Oktoba. Kwenye Twitter kulikuwa na akaunti zilizokuwa zikiichachafya serikali usiku na mchana, na mojawapo ya zilizovuma sana ilikuwa ya Kigogo, mwandishi aliyetumia jina la kupanga na aliyekuwa na kila sababu ya kulificha jina lake halisi. Wakati huo kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilikuwa zimeshamtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 za Tanzania ili apate leseni ya kuandika mawazo yake mwenyewe. Lakini Twitter ilikuwa kampuni ya Marekani, na leseni ya Dar es Salaam haikuigusa. Ikapatikana njia nyingine. Watu wasiojulikana waliyachukua maneno ya wenye akaunti hizo, wakayanakili kwenye tovuti walizozifungua wenyewe, wakazirudisha tarehe nyuma ili ionekane yaliandikwa huko kwanza, kisha wakaiandikia Twitter: huyu ameiba kazi yetu, iondoeni. Malalamiko ya namna hiyo yalitumwa kwa mamia. Na Twitter, ikifuata sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998, ikafuta machapisho na kuzifungia akaunti. Mwizi alimshitaki mwenye mali, na mwenye mali ndiye aliyeadhibiwa.

Tazama jinsi mtego huo ulivyotegwa, maana ubaya wake uko kwenye vipengele vidogo. Sheria hiyo inampa mlalamikiwa nafasi ya kujibu. Fomu inafunguka kwenye simu yake. Inataka jina lake kamili. Inataka anwani yake. Inataka namba ya simu, saini, na tamko kwamba anakubali kushitakiwa mahakamani. Akishaijaza, majibu yake yanapelekwa, pamoja na jina na anwani, kwa yule yule aliyemlalamikia. Sasa jiweke mahali pake. Unaandika kwa jina la kupanga kwa sababu umeona wenzako wakichukuliwa. Hapo unabakiwa na mambo mawili: unyamaze, au ujitaje mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mtu usiyemjua anayekuwinda. Hata ukithubutu, maandishi yako hayarudi kabla ya siku 10 za kazi, na yanaweza kukaa hadi siku 14. Uchaguzi hausubiri. Kufikia siku ya kupiga kura, Twitter yenyewe ilikuwa haifunguki Tanzania bila VPN.

Desemba 2021 kampuni hiyo ilikiri yenyewe. Ilitangaza kwamba imeziondoa akaunti 268 zilizotumika kupeleka malalamiko ya hila dhidi ya wanachama na wafuasi wa kundi la kutetea haki za binadamu la Fichua Tanzania na mwanzilishi wake. Kura zilikuwa zimehesabiwa zaidi ya mwaka mmoja kabla. Waliokuwa na haki wakapewa haki yao wakati haina tena kazi.

Msanii atakayesoma hapa ataniambia: kaka, usituvunjie ukuta wetu, sisi tunaibiwa kila siku. Ni kweli wanaibiwa. Nenda kwenye kituo chochote cha mabasi hapa Kigali utamkuta kijana mwenye kompyuta moja na spika mbili, anajaza nyimbo kwenye flashi ya mteja kwa bei ya chai na chapati, na aliyeziimba hapati hata faranga moja. Rwanda ilitunga sheria ya kulinda mali ya ubunifu mwaka 2009, ikaiandika upya mwaka 2024, na chama cha watunzi, RSAU, kina kazi ya kukusanya malipo kwa wale wanaopiga muziki wa watu kwenye biashara zao. Malipo hayo yakusanywe na yamfikie mwimbaji, mimi niko upande wake kabisa. Lakini ulinzi wa msanii ni malipo yake, jina lake na idhini yake. Kufuta kwanza na kuuliza baadaye si ulinzi wa mtu yeyote. Wasanii wenyewe wameshaionja ladha yake: mwaka 2019 wimbo wa Harmonize, "Uno", uliondolewa YouTube baada ya prodyuza wa Kenya, Magix Enga, kudai kwamba mdundo wake umetumiwa bila ruhusa. Nani alikuwa na haki kati yao, hilo waamue wenyewe na mawakili wao. Ninachosema ni kwamba kama wimbo wa nyota mkubwa unaweza kutoweka kabla kesi haijasikilizwa, video ya mama asiye na jina, anayelia kwamba nyumba yake imebomolewa, itadumu dakika ngapi?

Sasa nije nyumbani, kwenye jeraha letu.

Kwenye karatasi, mwimbaji Kizito Mihigo analindwa vizuri sana. Mkataba wa Berne, ambao Rwanda imefungwa nao tangu mwaka 1984, unazilinda kazi za mtunzi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kizito alifariki tarehe 17 Februari 2020. Kwa hiyo hadi mwisho wa mwaka 2070 hakuna anayeruhusiwa kuunakili wimbo wake na kuuuza bila idhini ya warithi wake. Mkataba huo huo unasema mtunzi ana haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi yake, na haki ya kupinga kazi hiyo ikipotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Hayo ndiyo maandishi.

Yaliyomfika mwenye nyimbo ni haya. Alikuwa mnusurika wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, mpiga kinanda aliyesomea muziki Paris, mwimbaji ambaye serikali yenyewe ilimwalika kwenye kumbukumbu za kitaifa. Machi 2014 alitoa wimbo unaoitwa "Igisobanuro cy'Urupfu". Ndani yake aliwaombea waliouawa katika mauaji ya kimbari, na akawaombea pia wengine waliouawa kwa njia nyingine, ambao kumbukumbu rasmi haiwataji. Wimbo ukaondolewa hewani. Aprili akakamatwa. Februari 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Septemba 2018 akatoka kwa msamaha wa Rais. Februari 2020 akakamatwa tena kusini, karibu na mpaka wa Burundi, na siku nne baadaye alikuwa maiti katika mahabusu ya polisi ya Remera, humu humu wilayani Gasabo. Polisi wakasema amejiua. Hazikutimia wiki mbili, waendesha mashtaka wakalifunga faili.

Serikali ilisema kesi ya mwaka 2014 ilihusu njama dhidi ya viongozi, haikuhusu wimbo. Basi iseme ni kwa nini wimbo nao uliadhibiwa. Iko wapi amri ya maandishi iliyouondoa redioni? Nani aliitia saini, kwa kifungu gani cha sheria, na mtunzi alipewa nafasi wapi ya kujitetea? Mtu akinakili wimbo ule kwenye flashi, sheria ya hakimiliki inamtambua mara moja kuwa mkosaji, na adhabu yake imeandikwa. Lakini aliyeufuta kwenye masikio ya taifa zima hana jina, hana cheo, hana karatasi. Hakimiliki ikimlinda mtunzi dhidi ya kijana wa kituo cha mabasi tu, ikashindwa kumlinda dhidi ya simu inayopigwa kutoka juu, basi inalinda faranga na kumwacha mtunzi mwenyewe.

Na kilichofuata ndicho kibaya zaidi: watangazaji wengine hawakuhitaji kuambiwa. Kila mmoja alijipima mwenyewe, akaondoa nyimbo zote za Kizito, hata zile za kanisani ambazo hazina siasa hata chembe. Woga ulifanya kazi ambayo hakuna afisa aliyeitia saini.

Jambo la pili naliona kila siku kwa macho yangu, kwa kuwa liko jirani na ninapoishi.

Hospitali ya Ndera ilianzishwa na shirika la Mabruda wa Charité, ikaanza kupokea wagonjwa mwaka 1972, na kwa miongo mingi ndiyo imekuwa hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini Rwanda. Asubuhi utawaona wanaokuja kutoka mikoani wakiteremka kwenye basi: mama amemshika kijana wake mkono asije akakimbilia barabarani, kwapani ana bahasha ya rufaa, begani kapu lenye chupa ya chai na viazi vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Baadhi ya wanaotibiwa hapa wanaugua kwa sababu ya yale waliyoyaona mwaka 1994. Na hospitali yenyewe ni sehemu ya historia hiyo. Watu walikimbilia humu wakitafuta hifadhi, wanajeshi wa Kizungu wakaja, wakawachukua Wazungu wenzao, wakaondoka, waliobaki wakauawa. Mahali penye uchungu wa kiasi hiki panastahili kutajwa kwa heshima. Badala yake, mjini Kigali mtu akiishiwa hoja anakuambia mahali pako ni Ndera. Kwa vijana wa mtaani nasamehe. Kwa dola sisamehi.

Tarehe 15 Februari 2021 polisi walimkamata Yvonne Idamange, mama wa watoto wanne na mnusurika wa mauaji ya kimbari, aliyekuwa akirusha video YouTube kuilaumu serikali, hasa kwa jinsi amri za kukaa ndani wakati wa korona zilivyowafukarisha watu. Taarifa ya polisi ilisema mwenendo wake unachanganya siasa, uhalifu na wazimu. Isome taarifa hiyo kama raia. Polisi si daktari. Hajampima mtu, hajaandika cheti, hajamsikiliza hata ndugu yake mmoja, lakini tayari ametoa jibu la kitabibu mbele ya taifa zima. Tarehe 30 Septemba mwaka huo huo, mtu huyo huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Mengine aliyoyasema yaliwaumiza wanusurika wenzake, nami nisingeyasema. Lakini kama dola iliamini kweli kwamba ni mgonjwa, ilikuwa imletee matibabu. Na kama iliamini ni mzima, ilikuwa imjibu hoja zake. Ilichagua kumtukana kwa ugonjwa, halafu ikamfunga kwa uzima.

Mfuatilie na Aimable Karasira, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Rwanda kabla ya kufukuzwa mwaka 2020, naye akazungumza YouTube, naye akakamatwa, tarehe 31 Mei 2021. Huyu alisema mwenyewe, tena kwa miaka, kwamba anaugua msongo wa mawazo na kisukari. Kesi yake ikapigwa kalenda mwaka baada ya mwaka akiwa ndani. Mwaka 2022 aliieleza mahakama kwamba gerezani alinyimwa usingizi kwa taa isiyozimwa na muziki wa sauti ya juu, na kwamba alipigwa. Wazimu ukitumiwa kama tusi dhidi ya mkosoaji unakubalika bila hata kipimo. Mkosoaji akisema ni mgonjwa na anahitaji dawa, unabishaniwa kifungu kwa kifungu.

Si Rwanda peke yake. Mwaka 2017 Uganda ilimkamata Dkt. Stella Nyanzi wa Makerere kwa maneno makali aliyoyaandika Facebook kuhusu Rais Museveni, na waendesha mashtaka wakaiomba mahakama apimwe akili kwa sheria ya mwaka 1938, iliyotungwa na mkoloni Mwingereza. Alikataa, na alifanya vizuri kukataa. Tusi ni tusi. Lina adabu yake ya kujibiwa. Serikali inapokimbilia kwa daktari kila inapotukanwa, inamgeuza daktari kuwa askari.

Kisha kuna suala la kibali. Aprili 2020, wakati nchi imefungwa kwa sababu ya korona, Dieudonné Niyonsenga, maarufu kwa jina la Cyuma Hassan, aliripoti kupitia chaneli yake ya Ishema TV kwamba wakazi wa mtaa wa Bannyahe, humu Kigali, wanawatuhumu askari kwa ubakaji na uporaji. Tarehe 13 Aprili Tume ya Vyombo vya Habari ya Rwanda ikatoa tamko kwamba wanaotumia YouTube si waandishi wa habari. Siku mbili baadaye Cyuma akakamatwa. Machi 2021 mahakama ikamwachia huru. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, na tarehe 11 Novemba 2021 akahukumiwa miaka 7 kwa makosa ambayo mojawapo ni kujifanya mwandishi wa habari. Wanawake wa Bannyahe walisema wamebakwa. Miaka 7 akapewa aliyewashikia kipaza sauti.

Najua jibu linalokuja, na si jibu la kupuuza. Wataniambia: wewe unasahau RTLM. Nchi hii iliuawa kwa redio. Maneno yaliwaongoza wauaji hadi milangoni mwa watu kwa majina na anwani. Ndiyo. Naishi Ndera, sihitaji kukumbushwa. Sheria dhidi ya kukana mauaji ya kimbari na kuchochea chuki ni lazima iwepo Rwanda, na anayewaita watu mende ashitakiwe leo kabla ya kesho. Lakini tusimulie historia yote. RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ilikuwa na kibali. Ilikuwa na wanahisa wakubwa, ilikuwa na ulinzi wa walioshika dola. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake aliyehukumiwa na mahakama ya kimataifa huko Arusha mwaka 2003, alikuwa profesa wa historia aliyewahi kuongoza idara ya habari ya serikali. Hakuwa mtu wa mtaani asiye na kitambulisho. Waliokosa sauti mwaka 1994 ni wale waliotaka kusema hapana: ndio waliouawa mapema, siku za kwanza kabisa, wanasiasa wa upinzani, waandishi na watetezi wa haki za binadamu. Kwa hiyo anayeniambia kwamba fundisho la 1994 ni kuiachia serikali pekee uamuzi wa nani aongee, amelisoma fundisho hilo kichwa chini miguu juu.

Tena sheria dhidi ya chuki haimtoshi mtawala, ndiyo maana kaongeza nyingine. Kifungu cha 39 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 kinaadhibu kusambaza uvumi unaoweza kuleta hofu au vurugu. Hapo unaweza kuelewa. Lakini kinaendelea: au uvumi unaoweza kumfanya mtu asiaminiwe tena. Kifungo cha miaka 3 hadi 5, na faini ya faranga milioni 1 hadi milioni 3. Mtu asiaminiwe tena! Kama gitifu, yaani mtendaji wa serikali za mitaa, amekula pesa za maji, kazi yote ya mwandishi ni kumfanya gitifu huyo asiaminiwe tena. Kifungu hiki hakizuii mauaji. Kinamlinda mla pesa za maji.

Na msiniambie kwamba mambo haya hayabadiliki. Mwanasheria Richard Mugisha alikwenda Mahakama ya Juu kupinga kifungu cha 233 cha sheria ya jinai ya mwaka 2018, kilichofanya kuwadhihaki viongozi, hata kwa katuni, kuwa kosa la jela. Tarehe 24 Aprili 2019 mahakama ilikifuta. Ilikiacha kile kilichomhusu Rais, na ofisi ya Rais mwenyewe ikatoa tamko kwamba kwa maoni yake jambo kama hilo ni la madai, si la jinai. Mchoraji mmoja wa katuni leo analala vizuri zaidi kwa sababu ya mtu mmoja aliyejaza karatasi na kwenda mahakamani. Kenya, mahakama ilikifuta mwaka 2016 kifungu kilichokuwa kikiwafunga wanablogu kwa matumizi mabaya ya mawasiliano. Uganda, Mahakama ya Katiba ilikifuta Januari 2023 kifungu cha 25 cha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Majaji wetu wanajua kusoma. Wanachohitaji ni kesi, na kuachwa wafanye kazi.

Mlango mmoja, hata hivyo, tulifungiwa tukiwa tunatazama. Mwaka 2016 Rwanda iliondoa tamko lake lililowaruhusu raia na mashirika kuishitaki moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Kesi ya mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire ilikuwa tayari ndani. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba uhuru wake wa kujieleza ulikiukwa. Tanzania, mwenyeji wa mahakama yenyewe, ikafuata mkondo huo huo mwaka 2019. Serikali inayojiamini haimfungii raia wake mlango wa hakimu.

Basi nitaje ninachokitaka, kwa majina ya wanaohusika.

Nawaambia madaktari na wauguzi wa Ndera: nyinyi ndio wenye jina hili, si polisi. Msemaji yeyote wa dola akimwita mkosoaji mwendawazimu kabla hajapimwa, chama chenu cha kitaaluma kitoke hadharani siku hiyo hiyo kikanushe. Mgonjwa aliyeko wodini anadhalilishwa na taarifa ile kuliko hata huyo aliyekamatwa, kwa sababu ugonjwa wake umefanywa kuwa kosa la jinai.

Nawaambia wasanii na RSAU: msikae kimya wimbo unapofutwa kwa simu ya mkubwa. Kazi yenu haiishii kwenye kuhesabu faranga za baa. Dai lenu la kwanza liwe hili: hakuna wimbo unaoondolewa redioni bila amri ya maandishi, yenye jina la aliyeitoa na kifungu cha sheria, na mtunzi awe na haki ya kukata rufaa. Dai la pili: anayetoa madai ya uongo ya hakimiliki alipe, tena alipe sana. Na kampuni za mitandao zinazochuma matangazo kwetu zimruhusu mtu aliye hatarini ajibu kupitia wakili au shirika, bila kumkabidhi adui yake anwani ya nyumbani.

Nawaambia wabunge wa Rwanda: kifungu cha 39 kipunguzwe hadi pale kinapozungumzia vurugu, na maneno kuhusu kuaminiwa kwa mtu yafutwe. Kujifanya mwandishi wa habari kusiwe kosa la jela kwa mtu aliyesema kweli. Ibara ya 38 ya Katiba yetu inatambua uhuru wa habari na wa kujieleza. Haikusema ni wa mwenye kadi ya uandishi tu. Tamko lililowaruhusu raia kwenda Mahakama ya Afrika kule Arusha lirudishwe.

Na kuhusu Kizito Mihigo, ambaye nyimbo zake zinalindwa hadi mwaka 2070: uchunguzi huru wa kifo chake haujafanyika. Ufanyike, na ripoti yake isomwe hadharani, redioni, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili.